Vazi la kubana tumbo kutoka duka la mahitaji ya uzazi, Ngamiani, Tanga

Nilipungua kutoka kilo 121 hadi 70, na uzito ulipotulia kwa zaidi ya miezi 6 ndipo daktari wa Dar es Salaam alipokubali kuniondoa ngozi iliyokuwa ikining'inia chini ya kitovu na kuishona misuli ya tumbo iliyokuwa imeachana. Nilirejea Tanga wiki ya tatu, nikitembea nimeinama kama aokotaye sindano, nikiwa na agizo la kuvaa vazi la kubana usiku na mchana hadi wiki ya sita, ilhali nilipewa moja tu, lisilo na la kubadilishia linapofuliwa. La pili nililinunua Ngamiani, katika duka dogo linalouza mahitaji ya wanawake waliojifungua, na ndilo ninalolieleza hapa.

Nilianza na mkanda mpana wa velkro, wa shilingi 35,000, nikajuta siku ileile, kwa kuwa kila nilipoketi ulijikunja na kuacha mfinyo juu kidogo ya mshono. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenifunga mkaja nilipojifungua, aliona hata hiyo ni hasara wakati kanga zimejaa sandukuni. Lakini mkaja hukaza zaidi penye fundo na kulegea pengine, na tumbo lililopasuliwa linahitaji kubanwa sawasawa ili ngozi ishikane na nyama na maji yasipate pa kutuama. Muuzaji alikubali kunibadilishia kwa vazi zima la shilingi 85,000, lenye mikanda ya mabegani, safu tatu za kulabu mbele na uwazi wa kwendea haja. Alinipima kwa futi kiunoni na nyongani, kisha akasema, "Dada, usichukue dogo kwa tamaa ya kiuno, jioni ukivimba litakukaba." Alisema kweli, maana uvimbe wa jioni ulinisumbua kwa muda mrefu.

Vazi hili halijikunji, na nililala nalo, mgongo umeinuliwa kwa mito na magoti yamekunjwa, bila kuamka kulirekebisha. Kasoro yake kubwa ni kitambaa: ni nailoni tupu, na kwa joto letu la Februari nilitoka vipele hadi nilipoanza kuvaa ndani fulana nyepesi ya pamba. Kulabu mbili ziling'oka wiki ya tano. Maandishi ya kwenye boksi, kwamba linayeyusha mafuta, ni ya kupuuzwa.

Wiki ya nne ubavu wa kulia ulijaa na kuchezacheza kama mfuko wa maji, nikaenda dukani kutaka saizi ndogo zaidi. Muuzaji alikataa kuniuzia, akanihimiza niende hospitali, ambako maji hayo yalivutwa kwa sindano. Saizi kubwa huagizwa na huchukua takriban wiki moja kufika, hivyo ni vyema kununua kabla ya siku ya upasuaji.