Kitambaa cha faiba chenye gundi ya unga: tathmini kutoka karakana ya Arusha

Fundi yeyote wa Arusha anayeunda vipande vya faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa rezini, kimiminika kinachokauka na kuwa kigumu) kwa ajili ya magari ya utalii anaijua kero ya kitambaa kikavu: mkasi ukishapita, nyuzi za pembeni huanza kufumuka, na kinapobebwa kutoka mezani hadi kwenye kalibu, yaani kifaa cha kuundia umbo, huvutika kwa mshazari, hivyo nyuzi zilizokusudiwa kubeba mzigo hufika zikiwa zimepinda. Kitambaa ninachokitathmini hapa, nilichokinunua katika duka moja la mjini, kimenyunyiziwa gundi ya unga ya epoksi, aina mojawapo ya rezini, upande mmoja ili kuiondoa kero hiyo.

Kwa sehemu kubwa kinaiondoa. Unga huo hulainika kwa joto la pasi na kuganda tena unapopoa, kwa hiyo matabaka mawili au matatu yanaweza kushikanishwa mezani, yakakatwa kwa pamoja, kisha yakalazwa kwenye kalibu yakiwa kipande kimoja. Katika kona za fremu ya paa la kufunguka, mahali ambapo kitambaa cha kawaida huteleza na kuacha mfuko wa hewa chini yake, hiki kilitulia mpaka rezini ilipoenea. Pasi isiwe ya moto mkali, kwani unga ukiyeyuka kupita kiasi huziba nafasi za nyuzi, rezini ikashindwa kupenya, na kitambaa kikakakamaa kabla hakijafuata umbo.

Huduma ya duka ndiyo iliyonisikitisha. Muuzaji hakuuliza ninatumia rezini gani, ilhali gundi hii ni ya epoksi na inakusudiwa rezini ya epoksi. Anayetumia poliesta, rezini ya aina nyingine iliyo nafuu zaidi, anafaa kuelekezwa kwenye mkeka wa nyuzi fupi ambao gundi yake huyeyuka katika stireni, kimiminika kilichomo ndani ya rezini hiyo. Tena kitambaa kilikunjwa kama kanga, na mkunjo wa namna hiyo huvunja baadhi ya nyuzi za kioo. Kinapaswa kuviringishwa kwenye bomba la karatasi ngumu na kufunikwa kwa nailoni, hasa wakati wa masika, maana unyevu hudhoofisha mshikamano wa nyuzi na rezini.

Kwa makalibu yenye kina na kona nyingi nitaendelea kukinunua, ingawa bei yake iko juu. Kwa vipande bapa sioni haja: utepe wa karatasi wa wapaka rangi, ukibandikwa juu ya mstari wa kukatia na kukatwa katikati yake, huzuia nyuzi kufumuka, mradi ukingo wenye utepe uondolewe kabla ya kumimina rezini.