Tona ya chunusi kwa ngozi ya mafuta: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Mwezi uliopita nilimsindikiza mdogo wangu Kariakoo kununua tona ya chunusi. Amemaliza kidato cha sita, na saa sita mchana ikifika uso wake unang'aa kama chapati iliyotoka kwenye kikaango. Paji la uso limejaa vipele vidogo vya vichwa vyeupe. Dada wa duka hakumuuliza swali hata moja. Alipanga chupa sita juu ya kioo, akaigonga moja kwa ukucha: "Hii ndiyo inatembea, mpenzi."

Nikaigeuza. Kwenye orodha ya viambato, Alcohol Denat. ilikuwa ya pili baada ya maji. Salicylic Acid niliitafuta mpaka karibu na mwisho, baada ya manukato, tena bila asilimia. Kiambato kikishaandikwa nyuma ya manukato, mara nyingi ujue hakifiki hata asilimia 1. Yaani tungenunua spiriti yenye harufu nzuri. Tukairudisha, na dada akatukata jicho.

Mimi mwenyewe nimetupa hela nyingi kabla sijajifunza kugeuza chupa. Kwa hiyo kabla ya kusema ipi ni ya kwanza na ipi ya mwisho, tuelewane unalipia nini.

Unalipia asilimia

Asidi ya salisiliki inayeyuka kwenye mafuta, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Kinyweleo kilichoziba kina mafuta yaliyogandana na seli zilizokufa. Asidi hii inapenya humo humo na kulegeza kile kizibo. Asidi nyingine maarufu, glikoliki kwa mfano, huyeyuka kwenye maji na kazi yake kubwa huifanya juu juu. Ndiyo maana kwa vichwa vyeusi vya puani na vichwa vyeupe vya kwenye paji, salisiliki ndiyo ya kuanza nayo.

Wauzaji watakwambia inakausha mafuta. Haizuii ngozi kutengeneza mafuta. Utang'aa tu saa sita mchana, hasa kwa joto la Dar, ila vinyweleo havitaziba kama zamani. Na yale majipu makubwa yanayouma chini ya ngozi, tona haiyafikii.

Kiwango kinachofanya kazi kwenye chupa za dukani ni kati ya asilimia 0.5 na 2. Marekani, dawa za chunusi za salisiliki zinazouzwa bila cheti cha daktari huishia kwenye hiyo 2. Kampuni inayojiamini huiandika namba mbele kabisa. Ikikosekana, mimi huwa nachukulia kwamba ni ndogo mno kujivunia.

Jambo la pili ni spiriti, na hapa sisi wenye ngozi nyeusi tuwe wakali kuliko wengine. Ngozi yetu ikiwashwa au ikiungua kidogo huacha doa, na doa hukaa miezi baada ya kipele chenyewe kusahaulika. Wengi wanaolalamika kuhusu chunusi ukiwaangalia vizuri wana vipele vitano na madoa hamsini. Tona inayowaka kila usiku inaweza kuondoa vile vitano na kukuongezea madoa mengine kumi. Kwa hiyo katika orodha yangu, chupa ya bei rahisi inayowaka inashindwa na ya bei ya kati isiyowaka, hata kama asilimia ni ile ile.

Piga hesabu kwa mililita

Uso mmoja unatumia kama mililita 1 kwa usiku, na unaoanza hutumia usiku tatu kwa wiki. Chupa ya mililita 30 ni wiki 10. Ya mililita 100 ni wiki 33. Ya mililita 118 inakaribia miezi tisa.

Sasa tuseme kichupa cha mililita 30 kinauzwa Sh 30,000 na chupa ya 118 inauzwa Sh 110,000. Kwa macho, cha kwanza ndicho rahisi. Kwa hesabu, kila mililita ya kile kidogo ni Sh 1,000 na ya ile kubwa ni kama Sh 932. Umelipa zaidi kwa kununua kidogo, kama sukari ya kupima ya dukani kwa Mangi.

Hata hivyo mara ya kwanza nunua kidogo. Salisiliki inahitaji wiki sita hadi nane kabla hujaweza kuihukumu, na wiki za mwanzo vipele vinaweza hata kuongezeka, maana vilivyokuwa vimejificha vinasukumwa nje. Wiki 10 za kichupa kidogo zinatosha kabisa kujua kama mnapatana. Ukikuta ngozi haiitaki, umepoteza Sh 30,000 na si laki na ushee.

Ya kwanza: The Ordinary Salicylic Acid 2% Solution

Kwa anayeanza, hii. Asilimia 2 imeandikwa mbele, kichupa ni cha mililita 30 chenye dropa, na kwa chupa moja moja bei yake ni ya chini. Ni seramu kwa jina, siyo tona, lakini kazi ni ile ile: unaosha uso, unaukausha, unapaka, unafuata na losheni. Ni nyepesi, ingawa ukizidisha matone inanata kidogo.

Angalizo kubwa: kampuni hiyo hiyo ina vitu vingine vyenye maneno yanayofanana. Kuna maski ya asilimia 2, ambayo huoshwa baada ya dakika chache. Na kuna ile nyekundu kama damu, AHA 30% + BHA 2% Peeling Solution (BHA ni kundi la salisiliki, AHA ni la akina glikoliki). Hiyo maelezo yake yanasema isizidi dakika 10, wala mara mbili kwa wiki. Nimeshaona msichana anaulizia "ile nyekundu, nilale nayo". Usilale nayo. Soma jina lote, usisome 2% peke yake ukaondoka.

Ya pili, kama una ndugu Marekani: Stridex ya kopo jekundu

Hivi ni vipedi vya uso vilivyolowekwa dawa tayari (ukiulizia dukani sema "vya uso", la sivyo utaletewa pakiti nyingine kabisa). Lile jekundu lina asilimia 2 na halina spiriti. Ya rangi nyingine yana asilimia ndogo zaidi, kwa hiyo aliyeko huko mwambie rangi waziwazi. Kopo huwa na vipedi 55 au 90. Kata kila kimoja nusu kwa mkasi safi: nusu inatosha uso mzima, na kopo la 55 linakuwa usiku 110. Kwa usiku tatu kwa wiki, hiyo ni zaidi ya miezi minane. Kwa hesabu hakuna kinachoifikia.

Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Ina mentholi, unasikia ubaridi kama umepaka dawa ya kifua, na ngozi nyepesi kuwashwa hailipendi hilo. Halafu kifuniko kikiachwa wazi vipedi vya juu vinakauka. Na huku kwetu ikifika kwa wauzaji wa mtandaoni, bei imeshapanda kiasi kwamba faida yote imeliwa na usafiri.

Ya tatu, kwa ngozi inayowashwa upesi: COSRX BHA Blackhead Power Liquid

Mililita 100, ina betaine salicylate asilimia 4. Hiyo ni ndugu ya salisiliki, mpole zaidi na wa taratibu zaidi, kwa hiyo usiione 4 ukadhani ni kali mara mbili. Uso unaovimba kwa kila kitu, hapa ndipo pa kuanzia, na ningeipandisha hadi nafasi ya kwanza kwa mtu wa namna hiyo.

Ila hapa pia pana mtego. COSRX, ambayo ni kampuni ya Korea, ina tona nyingine, AHA/BHA Clarifying Treatment Toner, ambayo betaine salicylate yake ni asilimia 0.1 tu. Ni maji mazuri ya kupangusia uso, hayana ubaya wowote, lakini ukiyanunua ukitarajia kazi ya ile ya kwanza utasema Wakorea wamekuibia.

Ya nne: Paula's Choice 2% BHA Liquid

Kwa ubora ningeiweka juu. Asilimia 2, haina spiriti, haina harufu ya kupandikiza, inateleza usoni kama mafuta mepesi sana. Imekuja hapa chini kwa sababu ya bei ya kuanzia tu. Kuna kichupa cha mililita 30 kwa wanaotaka kuonja. Ukishajua kwamba salisiliki inakufaa, chupa ya mililita 118 kwa mwezi haiko mbali sana na zile rahisi, kama ile hesabu ya juu ilivyoonyesha.

Ya mwisho: zile za kopo kubwa zinazoitwa astringent

Clean & Clear na Neutrogena wana za namna hii. Asilimia inaweza kufika 2, chupa ni kubwa, bei ni rafiki. Lakini zina spiriti nyingi. Nimekua nazo tangu utotoni, ile hali ya ngozi kukaza na kuwaka tulikuwa tunaiita "inafanya kazi". Kama ndiyo pekee unayoipata, paka usiku mmoja au miwili kwa wiki, puani na kwenye paji tu, mashavu yaache, na usipake juu ya kipele kilichotumbuliwa.

Usinunue kabisa

Ya kupimiwa. Siku hizi kuna wanaofungua chupa kubwa na kugawa kwenye vichupa vya mililita 10 kama mafuta ya kula. Niliwahi kununua kimoja, kikaja na karatasi imeandikwa kwa peni "BHA", na usiku wa pili kidevu kikababuka. Mpaka leo sijui kilikuwa na nini.

Pia tona yoyote inayoahidi kuondoa chunusi na kukung'arisha kwa siku saba. Huo ni mkorogo uliobadilishiwa jina. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Tafuta alama yao, namba ya toleo, na kile kimchoro cha kopo lililofunguliwa chenye 6M au 12M, kinachokuambia itumike ndani ya miezi mingapi ukishaifungua. Mimi naandika tarehe kwa mark pen chini ya chupa siku ninayoifungua, la sivyo nasahau.

Ikifika nyumbani

Jaribu kwanza chini ya taya kwa usiku mbili tatu. Paka kwa kiganja. Pamba inakunywa dawa uliyoilipia. Uso uwe mkavu. Losheni nyepesi juu yake ni lazima, hata kama ngozi ni ya mafuta, kwa sababu ngozi iliyokauka inawashwa na tumeshaona kuwashwa kunaishia wapi. Mafuta ya mgando na ya nazi yaache yafanye kazi miguuni. Asubuhi, losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, maana jua ndilo linalokoleza madoa. Kama unatumia adapalini au krimu nyingine ya chunusi uliyoandikiwa, usizichanganye usiku mmoja.

Aspirini ikikudhuru, hii pia usiiguse, ni za ukoo mmoja. Mjamzito aulize kliniki kwanza. Na kama chunusi ni zile kubwa zenye maumivu, zinazoacha mashimo, hiyo hela ya tona iwe nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa ngozi. Si lazima awe bingwa wa Muhimbili: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990, na wengine wako hospitali za mikoani.

Mdogo wangu alichukua kile cha mililita 30, duka la tatu tuliloingia. Jioni nikamwona mama anamsuka, mafuta ya nywele yanachuruzika kutoka kwenye mistari mpaka kwenye paji, pale pale penye vipele. Nikamfunga kitambaa cha pamba usawa wa nywele na kumwambia mama apunguze mafuta ya mbele. Mama akasema hayo mafuta ndiyo yaliyonikuza mimi. Kichupa hakijafika hata wiki ya tano, lakini paji la uso limeanza kusafika, na sasa hatujui tumshukuru nani kati ya asidi na kitambaa.