Cedar Hill, nyumba ya Frederick Douglass: nusu saa haitoshi, jiandae kabla

Cedar Hill ni nyumba ya mwisho ya Frederick Douglass, Mmarekani Mweusi aliyetoroka utumwani akawa mwandishi na mpiganaji mashuhuri dhidi ya utumwa. Kuingia ni bure, ila si nyumba ya kubisha hodi ukakaribishwa. Iko W Street, mtaa wa Anacostia, Washington, na inasimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa za Marekani. Ndani mnaingia kwa kundi dogo na mwongozaji, na nafasi huwekwa mapema mtandaoni kwa ada ya dola 1 hivi kwa tiketi. Asiyeweka nafasi huenda akaishia kuzunguka bustani. Siku na saa za kufungua hubadilika, kwa hiyo kagua wiki ileile unayokwenda. Begi kubwa liache ulikofikia.

Kituo cha wageni kiko chini, nyumba iko juu ya kilima, na katikati kuna ngazi zaidi ya 80. Asiyeziweza ana njia ya mteremko. Fika mapema uangalie filamu fupi pale chini, maana huko juu utakutana na Douglass mzee tu: aliyeinunua nyumba mwaka 1877, alipokuwa mkuu wa polisi wa mahakama za jiji, na kuishi humo mpaka kufa. Sharti la awali la mtaa huo lilikataza kuwauzia Weusi viwanja.

Hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Wanamtafuta kijana aliyetoroka utumwani Baltimore tarehe 3 Septemba 1838, na sebule zenye mazulia hazimwonyeshi. Basi kisome kisa hicho kabla hujapanda. Alivaa kibaharia, mfukoni ana hati aliyoazima ya baharia huru, yaani asiye mtumwa, yenye picha ya tai, nembo ya Marekani. Kasoro ilikuwa moja: maelezo ya sura katika hati hayakufanana naye. Dirishani pa tiketi yangesomwa kwa utulivu, kwa hiyo alirukia treni ikiwa imeshaanza kuondoka, akalipia ndani. Kondakta alimwona tai, akapokea nauli, akapita. Kitabu chake cha mwaka 1845 kilificha mbinu hiyo ili njia isizibwe kwa wengine. Aliieleza hadharani utumwa ulipokwisha.

Ziara yenyewe ni kama nusu saa, na vyumba vingi unavitazama ukiwa mlangoni. Usimalizie macho yako kwenye picha za ukutani. Chumbani kwake tafuta vyuma vya mazoezi, na uulizie fidla na bakora ya Lincoln aliyopewa na mjane wa rais huyo. Mwongozaji mzuri atakuonyesha pia alama za Anna, mke wa kwanza, mwanamke huru ambaye akiba yake ilisaidia safari ile ya treni. Wengine humpita haraka, muulize wewe.

Nyuma ya nyumba kuna kibanda cha mawe kisicho na dirisha, alichokiita Growlery, yaani pa kungurumia. Alijifungia humo kusoma na kuandika. Kinachoonekana leo kimejengwa upya, na ni chumba kimoja tu, lakini kwa maoni yetu kinamsema kuliko sebule zote mbili.

Kwamba vitu vingi ni vya asili, mshukuruni Helen, mke wa pili. Wosia wa Douglass wa kumwachia nyumba ulikosa mashahidi wa kutosha, ikambidi Helen akope ili awalipe watoto wa mumewe wasiiuze. Mwaka 1900 Bunge la Marekani likaidhinisha chama cha kuitunza. Helen alifariki 1903, na serikali kuu ikaichukua nyumba mwaka 1962.

Ukumbi wa mlangoni ndipo Douglass alipoanguka tarehe 20 Februari 1895, akiwa ametoka kwenye mkutano wa wanawake na akimsimulia Helen yaliyojiri huko. Ukitoka, simama barazani kabla ya kushuka: kukiwa hakuna ukungu, kuba la Bunge linaonekana ng'ambo ya mto.