Laptopu ya 2012 nimeitia SSD: uzoefu wangu, Ngamiani

Kama kompyuta yako ni nzima ila nzito, usikimbilie kununua nyingine. Toa hadidiski, ile diski ya kutunzia mafaili, weka SSD, diski ya kisasa inayotunza kwa chipu. Nasema hivi nikiwa na steshenari hapa Ngamiani, Tanga, na laptopu ya kazi ni ya 2012: prosesa ni i5 ya kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8. Zamani nikiiwasha asubuhi nafagia, napanga karatasi, chai inaisha, kiduara bado kinazunguka na mteja kashanyoosha mkono na flashi yake. Sasa hivi inawaka kabla sijakaa vizuri.

Siri yake haiko kwenye ile kasi ya MB 500 na ushee kwa sekunde wanayoiandika kwenye boksi. Hadidiski ya laptopu ina sahani inayozunguka, nyingi ni mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachohangaika juu yake kutafuta faili. Windows ikiwaka inaita vifaili vidogo kwa maelfu, vimetawanyika huku na huku, na kila kimoja lazima kifuatwe kilipo. SSD haina kinachozunguka wala kinachotembea, kwa hiyo foleni hiyo inakwisha.

Nilichukua ya SATA, yaani ya plagi ileile ya hadidiski, inchi 2.5, GB 256. Inakaa palepale ilipokuwa hadidiski. Fundi alitaka kuhamisha Windows ya zamani kama ilivyo, nikamwambia apige mpya. Takataka za miaka yote hiyo nizibebe za nini? Hadidiski yenyewe ipo kwenye kasha la USB, inatunza nakala, maana picha ukishaifuta kwenye SSD kuirudisha ni kazi kweli.

Isipokuwa intaneti haijabadilika hata chembe. Vijana wanaokuja kuomba mkopo wa chuo wanasubiri ukurasa ufunguke kama kawaida. Na prosesa hii Windows 11 haiikubali rasmi, wakati Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Hilo SSD haiwezi kulitibu. Mwenye RAM GB 2 naye aanze na RAM.

Mkinunua, ogopeni SSD ya TB 2 inayouzwa bei ya karanga. Ukubwa unaosomeka kwenye skrini si ushahidi, za bandia zimechezewa zijitangaze hivyo. Mimi bora GB 256 ya dukani, yenye risiti na warantii.