Polo, dumu na katoni: pa kununua kwa jumla Unguja, kuanzia panapolipa zaidi

Wifi yangu alinunua katoni tatu za pempasi mtoto wake alipofikisha miezi minne, kwa sababu bei ya katoni ilikuwa haikataliki. Mtoto akanenepa. Katoni moja na nusu ziko juu ya kabati mpaka leo, na aliyenunuliwa anakwenda skuli. Kwenye bei wifi hakukosea hata shilingi. Alichokosea ni kipimo cha mtoto.

Kwa hivyo kabla ya kukwambia wapi pa kununua, fanya hesabu moja. Tuchukue mfano wa namba nyepesi: polo la mchele la kilo 50 kwa 125,000, yaani 2,500 kwa kilo. Duka la mtaani wanauza 2,800. Umeokoa 300 kwa kila kilo, 15,000 kwa polo zima. Ukikodi kirikuu kukufikishia Fuoni kwa 10,000, umebakiwa na 5,000. Mwezi wa tatu tangu ununue ukakuta fukusi, ukamwagia kuku kilo tatu, hizo ni 7,500. Umenunua kwa jumla na umekula hasara ya 2,500, tena umebeba mzigo.

Marekani wana maghala kama Costco, ambako hununui bila ya kuwa mwanachama, na ada ni dola 65 kwa mwaka tangu Septemba 2024. Hapa kwetu mlangoni huulizwi kadi. Ada yetu tunamlipa hamali, mwenye gari, na fukusi.

Nimezipanga njia tano, kwa jicho la mwenye nyumba ya watu sita.

1. Polo la kushirikiana, kutoka maduka ya jumla ya mjini

Hii ndiyo naipa nafasi ya kwanza, na si kwa kupenda umoja. Nyumba tatu zikikusanya fedha, mmoja akenda mjini, maduka ya upande wa Darajani na Mlandege, gari moja linarudi na polo la mchele, mfuko wa sukari na dumu la mafuta. Nauli ile ile ya 10,000 imegawika mara tatu, na kila nyumba inapata kilo kumi na sita na ushei za mchele, ambazo zinakwisha kabla mdudu hajajua kama upo. Zamu ya kwenda mjini izunguke kama upatu, maana kila kundi lina mtu mmoja anayeumwa mgongo siku ya kubeba.

Kugawana kuna adabu yake. Bibi zetu walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na ugomvi ulikuwepo vile vile: huyu anajaza kwa kilele, yule anapangusa kwa kiganja. Nunueni mizani ndogo ya jikoni. Kwa mafuta tumieni chupa tupu za lita moja, zote za aina moja.

Kwenye dumu pana mtego unaowapata hata wazoefu. Mafuta ya kupikia ni mepesi kuliko maji, kwa hivyo dumu la lita 20 lililojaa lina uzito wa kilo kumi na nane na kidogo. Muuzaji mmoja anakutajia lita, wa pili anakutajia kilo, na wote wanasema "dumu la ishirini". Soma ubavuni mwa dumu kabla ya kulinganisha bei. Siku moja niliona nimepata rahisi kuliko jirani yangu. Kufika nyumbani, langu la ishirini lilikuwa la lita, yaani kilo kumi na nane na kidogo, na lake la kilo ishirini kamili. Kosa langu, sikusoma.

Na usione haya kuuliza jumla inaanzia wapi. Maduka mengi ya sabuni na vyombo vya plastiki hukupa bei ya jumla ukichukua nusu dazeni tu, ila hawakwambii mpaka uulize.

2. Muuza jumla wa mtaani kwako

Karibu kila mtaa sasa una duka moja kubwa kidogo, mara nyingi la Mpemba, linalouza reja mbele na mapolo nyuma. Bei yake iko katikati: ghali kuliko mjini, rahisi kuliko kununua kilo kilo. Ukitoa nauli, mara nyingi analingana na mjini, na kwa nyumba ndogo anashinda. Pia ukikuta mchele una harufu unamrudishia jioni ile ile, na hawezi kukwambia hakujui.

Daftari lake la mkopo ndilo la kuangalia. Atakupa polo ulipe mwisho wa mwezi, na wengine bei ya mkopo si bei ya fedha taslimu. Uliza zote mbili ndio uchague.

3. Masoko ya Mwanakwerekwe na Jumbi

Kwa mbatata, vitunguu, thomu, nazi na vitu vya shamba. Hapa jumla inakwenda kwa gunia, ndoo na tenga, na mimi sichukui gunia isipokuwa kuna shughuli nyumbani. Vitunguu vikavu vyenye ganda linalolia mkononi vitakaa wiki kadhaa ukivitandaza penye upepo, mbali na mbatata, kwa sababu vikikaa pamoja huharibiana. Tungule kwa tenga waachie wenye mikahawa. Fika asubuhi, na mwambie akumwagie gunia uone la chini. La juu limepangwa na mtu anayejua kazi yake.

4. Supamaketi

Pana kiyoyozi, bei imebandikwa, na hupigi kelele na mtu. Kwa mchele na sukari sipashauri. Kwa maziwa ya unga, sabuni ya kufulia ya mfuko mkubwa na karatasi za chooni, pita pakiwa na punguzo. Ila angalia tarehe ya kumalizika: bei ikishuka ghafla, mara nyingi ni tarehe inayokaribia.

5. Kuvuka Dar es Salaam

Najua mtaleta ubishi. Kariakoo bei ni nyingine, kweli. Lakini kwa mahitaji ya nyumba moja, weka nauli ya boti kwenda na kurudi, chakula cha njiani, wapagazi wa bandari mbili, ukaguzi na ushuru wa bandarini, na siku nzima ya kazi iliyopotea. Kwa muuza duka inalipa. Kwa mama wa nyumba inalipa tu kama safari ilikuwepo kwa jambo jengine, na kama unachobeba ni chepesi na kina thamani: mashuka, nguo za skuli, vyombo. Mchele wa kuvushwa baharini begani mwako mwenyewe hauna utamu wa ziada.

Wa Pemba hesabu yao ni hii hii na bahari moja zaidi: mzigo unaoshuka Mkoani kutoka Unguja tayari umelipiwa. Kwa hivyo kule mimi ningeipandisha namba 2 iwe namba 1, ninunue kwa muuza jumla wa Chake au Wete anayeleta mzigo mwingi kwa pamoja, na kugawana polo kufanyike hapo hapo.

Sasa vitu gani vya kujaza nyumbani. Sabuni ya mche kabla ya kila kitu. Haiozi, haina mdudu, na ikikaa wazi mwezi mmoja inakauka na kuwa ngumu, haiyeyuki ovyo kwenye beseni. Katoni nzima bila ya wasiwasi. Baada yake sukari, ikikaa kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana, kwa sababu hewa yetu ya bahari inaigandisha jiwe. Mchele wa mapembe wa kila siku wa miezi miwili, si zaidi. Wa basmati wa pilau nunua kwa shughuli. Ukileta mchele, uanike jua kali kwenye jamvi, upoe, ndio uufungie. Majani makavu ya mwarobaini au kiganja cha karafuu ndani ya ndoo humsumbua fukusi, ingawa akishaingia hatoki kwa harufu. Unga wa ngano ndio mbaya kuliko vyote kuuweka. Mwezi mmoja, na unuse kila wiki.

Friza watu hulitegemea sana. Kilo mbili za unga zikikaa humo siku nne tano, mayai ya wadudu yanakufa, hilo linafanya kazi. Lakini kununua nyama na kuku wa miezi miwili kwa kutegemea umeme unaotufikia kwa waya uliopita chini ya bahari, mimi nimekoma. Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme ulipokatika tukakaa gizani miezi mitatu, wanajua harufu ninayoisemea.

La mwisho ni wakati. Shaaban kila mtu anatafuta sukari, unga na tende kwa pamoja, na bei inajua hilo. Kundi letu la nyumba tatu hukusanya fedha katikati ya Rajab. Tende peke yake tunasubiri, kwa sababu wiki ya mwisho kabla ya mfungo mzigo huwa mwingi mjini, na tukizileta mapema watoto huzimaliza kabla mwezi haujaandama.