Kabla Hujanunua Sevo, Uliza Habari ya Betri

Februari iliyopita mashine yetu ya kufungasha unga, hapa Tanga, ilizimwa kwa siku nne, na ilipowashwa, draiva (kifaa kinachoiendesha) ya sevo, yaani mota inayojidhibiti nafasi yake, ikatoa alamu ya kupotea kwa nafasi. Fundi wa zamu aliifuta alamu bila kupanga upya sifuri, yaani mahali mashine inapoanzia kuhesabu, akabonyeza kitufe cha kuanza, na taya ya kuziba mifuko ikapanda mpaka ikagonga fremu na kupinda. Tuliuziwa sevo hiyo kwa sifa ya enkoda absoluti (enkoda ni kihisi kinachosoma shafti ya mota iko wapi), ile isiyohitaji kurudishwa mwanzo kila asubuhi. Kumbe yenyewe ilijua nafasi ndani ya mzunguko mmoja tu; hesabu ya mizunguko ilitunzwa na betri, na betri ilikuwa imekwisha.

Kwa sababu hiyo sitajadili idadi ya biti, kipimo cha wembamba wa usomaji wa enkoda, ambacho wauzaji hukitanguliza. Biti 17 hugawa mzunguko katika sehemu 131,072. Kwa skrubu inayosogeza milimita 10 kwa mzunguko, kila sehemu haifiki hata moja ya elfu kumi ya milimita, ilhali skrubu yenyewe hutanuka zaidi ya hapo jua linapopanda. Mimi nauliza jambo moja: umeme ukikatika, nani anahesabu mizunguko?

Kwa swali hilo, nafasi ya kwanza, wala sifichi upendeleo wangu, naipa Mitsubishi MR-J5 pamoja na mota za HK, kwa kuwa enkoda yake ya biti 26 hutunza hesabu bila betri yoyote. Bei yake inauma, lakini taya mpya nayo iliuma.

Ya pili ni mota yenye enkoda ya gia ya kampuni ya Heidenhain, inayohesabu hadi mizunguko 4,096. Hata ukizungusha shafti kwa mkono umeme ukiwa umezimwa, gia huzunguka nayo. Hakikisha tu kwamba draiva yako inaelewa EnDat, lugha ya mawasiliano ya enkoda hizo, kwani draiva nyingi za Kijapani hukubali mota za kampuni zake tu.

Ya tatu ni Yaskawa Sigma-7 ya betri na Panasonic A6. Ni mashine nzuri, ila betri ya lithiamu ya volti 3.6 huchoka upesi zaidi ndani ya kabati lenye joto, na ni lazima ibadilishwe umeme wa udhibiti (ule wa ubongo wa draiva) ukiwa umewashwa. Ukizima kwanza, umejifutia hesabu mwenyewe. Kwenye Yaskawa, alamu A.830 maana yake betri imedhoofika, na ukiona A.810 jua kwamba hesabu imeshapotea.

Sevo za bei nafuu zisizo na jina zinafaa kwa mkanda wa kusafirishia, basi.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba betri ile ilikaa rafuni kwa muuzaji hata lebo ikapauka, nasi tukatozwa kama ni mpya, tena kebo yenye kikasha chake ikahesabiwa peke yake baada ya mota kulipiwa. Nilipompigia simu kumuuliza tarehe ya kutengenezwa, alinijibu, «Dada, betri ni betri», akakata.