Albamu Isiyokubali Kuchanganywa

Assalamu alaykum watazamaji wangu, karibuni tena kutoka Langoni, Lamu. Leo mezani pangu hapana simu mpya wala spika mpya. Pana albamu, na nitaanza na kitu kinachonikera. Mnakijua kile kitufe chenye mishale miwili iliyopishana, kinachochanganya nyimbo, ambacho baadhi ya programu za muziki humwashia mteja asiyelipia bila hata kumuuliza. Mtu aliketi studioni akapanga nyimbo tisa kwa makusudi, hii itangulie na ile ifuate, kisha kazi yake inapanguliwa na mashine isiyokuwa na masikio.

Kipimo changu ni chepesi. Albamu inayostahili kusikilizwa tangu mwanzo hadi mwisho ni ile ambayo ukiichanganya unapoteza kitu unachoweza kukitaja. Ikiwa huwezi kukitaja, basi huo ni mkusanyiko wa nyimbo nzuri, na hakuna ubaya wowote; chukua wimbo unaoupenda uendelee na shughuli zako. Wapo wenzetu wenye chaneli wanaoorodhesha albamu hamsini kwa dakika kumi. Mimi nina chache tu, na moja kati ya hizo itakula muda mwingi kuliko zote.

Hiyo ni What's Going On ya Marvin Gaye, mwimbaji wa Marekani, iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Motown mwaka 1971. Sifa zake mmezisikia, sitazirudia. Ninachotaka mkitazame ni viungo viwili katikati yake. Siwezi kuwachezea muziki wenyewe, kwa sababu mtambo wa hakimiliki utainyamazisha video hii kama ulivyoinyamazisha nyingine huko nyuma, kwa hiyo nimevaa visikizi na nitawaonyesha kwa mkono. Tazameni skrini ya simu. Huu unaomalizika ni Save the Children, ambamo Gaye anaizungumza sentensi kama mtu anayekuuliza uso kwa uso, kisha anairudia kwa kuiimba, sauti zake mbili zikifuatana. Mkono wangu uko juu. Nitaushusha mkono pindi muziki utakaponyamaza. Jina linabadilika, sasa ni God Is Love, na mkono bado uko juu. Wimbo huu hautimizi hata dakika mbili. Ukiusikiliza peke yake utaudhani umekatwa, kwa sababu unamalizika mtu akiwa angali anangoja. Jina linabadilika tena, Mercy Mercy Me imeingia, na mkono wangu haujashuka.

Sasa nabonyeza kile kitufe na kuurudia ule wimbo mfupi. Unafika mwisho, simu inarukia wimbo wa upande wa pili wa santuri ambao hauna habari nao, na hapo katikati pameingia kimya kidogo. Mkono umeshuka, mmeuona. Kilichopotea ni hiki: ule wimbo mfupi ulikuwa daraja baina ya swali kuhusu watoto na kilio kuhusu hewa na bahari zilizochafuliwa, na daraja lililong'olewa na kuwekwa uwanjani halimvushi mtu. Hata bila kuchanganya, simu nyingine hutia kimya hicho baina ya wimbo na wimbo, kwa hiyo ingieni kwenye mipangilio mtafute sehemu ya kucheza bila mapengo, muiwashe. Hilo halina malipo. Nanyi mkifika mwisho, subirini mpaka wimbo wa tisa unyamaze kabisa, kwa kuwa maneno ya wimbo wa kwanza yanarudi pale, na aliyezima mapema hatayapata.

Exodus ya Bob Marley, ya mwaka 1977, nitaipitia kwa haraka. Aliirekodi London baada ya kushambuliwa kwa risasi huko Kingston mnamo Desemba 1976. Wimbo wa kwanza unaingia kwa sauti ndogo mno, kiasi kwamba mgeni huongeza sauti ya spika, halafu baada ya muda mfupi jirani anagonga mlango. Upande wa kwanza wa santuri ni wa uzito na hukumu, na upande wa pili ni wa mapenzi na furaha. Simu haina upande wa kugeuza, kwa hiyo baada ya wimbo wa tano simamisheni wenyewe, mnywe kahawa, kisha muendelee.

Kind of Blue ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, ya mwaka 1959, inahusu mifuko yenu. Mashine iliyorekodi kikao cha mwezi wa Machi ilikuwa ikizunguka taratibu kuliko ilivyopasa, na matokeo yake, kanda ilipochezwa kwa mwendo wa kawaida, nyimbo tatu za upande wa kwanza zilikwenda mbio na kusikika juu kidogo ya sauti zake halisi, hadi kosa hilo liliporekebishwa katika matoleo ya miaka ya 1990. Ukienda Soko la Kenyatta, Nairobi, ambako santuri za zamani bado zinauzwa, ukaombwa bei ya juu kwa sababu nakala ni kuukuu, kumbuka kwamba ukuukuu huo umekuja pamoja na kasoro. Mimi ningenunua toleo jipya.

Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder, ya mwaka 1976, najua mtanilaumu. Ni santuri mbili kubwa na moja ndogo yenye nyimbo nne za ziada. Naipenda, lakini kuimaliza kwa kikao kimoja ni kazi ya kibarua, na sioni kwamba ile ndogo ilihitajika.

Nimebakiza ya nyumbani, nayo inakisumbua kipimo changu. Zein l'Abdin, mpiga udi aliyezaliwa hapa Lamu mwaka 1939 na kujulikana zaidi Mombasa, ana albamu iitwayo Mtindo wa Mombasa, iliyotolewa na kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza mwaka 1990. Ukizichanganya nyimbo zake, siwezi kukutajia kilichopotea, kwa sababu kila wimbo wa taarab una mlango wake na kizingiti chake. Hata hivyo siukatizi. Shairi lina mizani na vina, udi unajibu baada ya mshororo, na aliyeanza ubeti hawezi kuinuka kabla haujafungwa. Ukifungwa, udi umekwisha kuufungua mwingine. Nimeicheza barazani mbele ya wazee, nao walinyamaza hadi mwisho, jambo ambalo Motown haikulipata kwao. Kwa hiyo naiingiza kwenye orodha, kipimo kisemavyo na kiseme.

Anayesafiri kwa basi la Mokowe hadi Malindi azipakue zote kabla ya kuondoka, kwa kuwa mtandao hukatika njiani na programu ikikosa mtandao huanza kucheza chochote ilichokihifadhi. Kipindi kijacho nitaleta mashine ya santuri ya bei nafuu, niipime kama sindano yake inaziharibu santuri kama inavyosemwa. Bonyezeni kengele ili kisiwapite.